Goli la Namba Tano

Mjane aligoma kuvuka kizingiti. Alisimama kwenye korido, mtandio umemshukia hadi kwenye nyusi, akamwelekeza Inspekta kwenye mlango wa chumba cha mumewe kama mtu anayeonyesha shimo la nyoka.

“Humo ndimo. Mimi siingii, mwanangu. Miguu inakataa.”

“Usiingie, mama. Utanijibu ukiwa hapo hapo.”

Inspekta aliingia peke yake, mikono mfukoni. Alikuwa na mazoea hayo kila alipoingia palipofia mtu, asije akagusa kitu kwa bahati mbaya. Mwili ulikwishaondolewa. Ilibaki mistari ya chaki sakafuni, doa jeusi kwenye ncha ya kabati la chuma, na jozi ya ndala chini ya kiti, zimepangwa vizuri, pua zikitazama nje, kama vile mwenyewe ametoka kidogo na sasa hivi atarudi kuzivaa.

Mwenyewe hakuwa wa kurudi. Mji mzima ulimwita Bwana Takwimu. Alitunza kumbukumbu za timu ya taifa tangu ana nywele nyeusi: nani alicheza, nani alifunga, nani aliingia na nani akatoka akichechemea. Shirikisho la mpira lilipobishana na magazeti, pande zote mbili zilimpigia yeye simu. Watu walimtania kwamba hata ndoto zake zina dakika za nyongeza.

Mtu alikuwa amemsukuma, akaangukia kabati. Daktari alisema hakufa pale pale. Alilala pale kwa muda, anapumua, na aliyemsukuma hakuita mtu.

“Mlango wa mbele ulivunjwa?” Inspekta aliuliza.

“Hapana. Nilitoka kumpeleka dada yangu kliniki. Niliporudi nilikuta umefungwa, kama nilivyouacha. Nikafungua kwa ufunguo wangu.” Sauti ya mjane ilikatika. “Nikaita hodi kwa utani, eti mgeni amefika. Kimya.”

“Na ufunguo wa marehemu?”

“Uko kwenye msumari, nyuma ya mlango wa chumba. Hakutoka siku ile.”

Ufunguo ulikuwepo. Inspekta aliuangalia, akajiambia kitasa cha mlango wa mbele ni kimoja cha vile vya siku hizi vinavyojifunga vyenyewe mlango ukivutwa, akasonga mbele. Hakurudi kukijaribu, kwa maana mlango ule ulikuwa wazi tangu jana, waombolezaji wakiingia na kutoka. Yule aliyesema haraka haina baraka alikuwa anamsema yeye.

Kisha akaigeukia meza.

Juu ya meza kulikuwa na uwanja wa mpira uliochorwa kwenye ubao, na juu ya ubao vifuniko vya soda. Vyekundu vilikuwa timu yetu, vya kijani wageni. Kila chekundu kilikuwa na namba iliyoandikwa kwa rangi ya kucha. Mpira ulikuwa ushanga mmoja mweupe.

“Mama, hivi vifuniko ni vya nini?”

Mjane karibu atabasamu. “Ndiyo mahakama yake hiyo. Goli likiwa na ubishi, alitafuta habari zake zote, kisha analipanga hapo alivyoamini lilivyofungwa. Akishalipanga hagusi tena. Hata mimi nikifuta vumbi nazungukia. Halafu anamwita mmoja wa waliokuwepo uwanjani, anamwambia, ‘Kama nimekosea, sogeza.’ Alisema mdomo wa mchezaji husahau, lakini mkono wake haudanganyi. Rangi yangu ya kucha iliishia humo yote.”

“Na safari hii alikuwa na goli gani?”

“La Radi. La ile mechi ya mvua.”

Hapakuwa na haja ya maelezo. Radi, mshambuliaji namba tisa, mfungaji wa magoli mengi kuliko wote katika historia ya timu ya taifa. Arobaini na moja. Nahodha wa sasa alikuwa na arobaini, na mechi ilikuwa Jumamosi. Shirikisho lilikuwa limemwomba Bwana Takwimu ahakiki magoli ya Radi moja moja, ili rekodi ikivunjwa, ivunjwe bila kelele. Na goli la mvua lilikuwa na mashaka. Kona ilipigwa, watu wakajazana langoni, mpira ukaingia, mwamuzi akaandika tisa.

Sasa, mezani, ushanga mweupe ulikuwa ndani ya goli, umegusana na kifuniko kimoja tu. Inspekta aliinama kusoma namba.

Tano.

Namba tano alikuwa Komeo, beki wa kati wa zama zile zile. Inspekta hakusema alichokiona. Kazi yake ilikuwa kuuliza, si kusimulia.

“Radi alikuja hapa, mama?”

“Wiki iliyopita. Alisimama getini pale, hakutaka hata maji. Akapaza sauti majirani wakatoka: ‘Ukinigusia goli langu, utazikwa nalo!’ Mume wangu akamjibu, ‘Shemeji yako amepika, ingia ule kwanza ndipo unizike.’” Mjane alijifuta pua kwa ncha ya mtandio. “Alikuwa mtu wa mzaha. Sasa huyo Radi hayupo kwake, mnasema. Yuko wapi? Usiku nasikia geti linalia, nakaa kitako mpaka kunakucha.”

“Tutamweka askari hapo nje.”

“Kuna kingine. Alipata mkanda wa video wa mechi ile, ulitoka kwa wale wageni tuliocheza nao. Hakunionyesha. Upo humo?”

Inspekta alitafuta kwenye kabati, juu ya redio, chini ya godoro la kujinyooshea mchana. Mkanda haukuwepo.

Hesabu ikakaa sawa kichwani mwake. Bwana Takwimu ameuona mkanda, ameamua goli ni la namba tano. Radi anashuka hadi arobaini, analingana na kijana. Radi anakuja, wanashikana, mzee anaanguka, mkanda unaondoka. Shahidi mmoja tu ndiye amebaki wa kulisemea goli lile, naye ni Komeo mwenyewe.

Na Radi hajulikani aliko.

“Twende haraka,” alimwambia dereva.

*

Komeo alipoacha mpira alifungua kibanda cha kutengeneza vitasa na funguo, nyuma ya soko, kwenye kichochoro chenye mafundi vyuma. Jina lilimfuata mpaka kazini. Watu walisema huyu alikuwa anawafungia washambuliaji, sasa anawafungia wezi. Inspekta alimwacha dereva barabarani, akamtuma akaungane na wenzake kumsaka Radi, kisha akaingia kichochoroni kwa miguu. Jua lilikuwa bado kali. Mashine ya kukata vyuma ilikuwa inapiga kelele jirani, mtu asingeweza kujisikia akikohoa.

Alibisha mara mbili. Jicho lilitokea kwenye ufa wa mlango.

“Nani?”

“Polisi, mzee. Ni juu ya Bwana Takwimu.”

Mlango ulifunguka kiasi cha bega kupita, ukafungwa nyuma yake. Komeo alikuwa mtu mpana, mvi kichwa kizima, na kovu la zamani juu ya jicho la kushoto.

“Umenishtua, mwanangu. Siku hizi akibisha hata mteja nafsi inaruka.”

“Msibani hukuonekana.”

“Nitapitaje njiani, na Radi yuko nje?”

Inspekta aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amekuja kumwambia hilo hilo. “Sitaki kukutisha, mzee, lakini mpaka tumpate, usimfungulie mtu. Na mlango huo ufunge vizuri.”

“Huu?” Kwa mara ya kwanza sauti yake ilitulia, ikawa ya fundi. Alitoa ufunguo mfukoni, akauingiza, akauzungusha. Chuma kikaitika ndani kwa ndani. “Hiki hakijifungi chenyewe kama vile vya bei rahisi. Lazima uzungushe ufunguo, lakini ukishauzungusha hata tembo hapiti. Cha aina hii hii ndicho nilichomfungia marehemu nyumbani kwake.” Akaurudisha ufunguo mfukoni. “Kaa.”

Inspekta alikaa.

Kitu kilimpita mgongoni, baridi, kabla hajajua ni nini. Alikisukuma pembeni. Alikuwa na maswali.

“Nieleze goli la mvua.”

“Kuna la kueleza? Goli la Radi. Mtoto mdogo analijua.”

“Nionyeshe.”

Komeo alisita, kisha akafagia nafasi kwenye meza yake ya kazi kwa kiganja. Alipanga kufuli ndogo kuwa wageni, na nati kuwa sisi. Akachukua gololi ya chuma, ukubwa wa punje ya hindi.

“Kona inatoka kushoto. Mvua inanyesha, hata mlingoti wa mbali huuoni. Radi anaruka hapa. Mimi natoka nyuma, nakuja hapa, nagongana na mlingoti, damu.” Alijigusa kovu. “Nikiinuka nawaona wanambeba Radi juu juu. Basi.” Akaiweka gololi langoni, kando ya nati ya Radi. “Mimi nilikuwa nyuma yake mechi zake zote. Unajua safu yangu ya magoli imeandikwa nini?”

“Sifuri?”

“Sifuri. Hata golikipa wetu ana moja, la penalti! Alikuwa ananitania ndani ya basi: ‘Komeo, nikuazime glovu labda zina bahati?’” Alicheka, lakini cheko lilikufa njiani. “Wajukuu wananiuliza, babu, wewe ulifunga mangapi?”

Simu ya Inspekta ililia. Aliyepiga alikuwa mjane.

“Mwanangu, nimeingia.” Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu aliyetoka kulia. “Nilisema nitaogopa chumba changu mpaka lini. Nimeingia kumtolea ndala zake. Sikiliza. Meza siyo niliyoiacha.”

“Kivipi, mama?”

“Niliifuta vumbi asubuhi ile ile, kabla sijatoka. Alishamaliza kulipanga goli lake, anamsubiri mtu wake. Ushanga ulikuwa kwa namba tisa. Kwa Radi. Sasa nakuta uko kwa tano. Yeye hasogezi akishapanga, nilikwambia. Nani ameusogeza?”

Inspekta aliitazama gololi, kisha mkono mpana uliokuwa karibu nayo.

“Sawa, mama,” alisema. “Kunywa maji, pumzika. Nitapita baadaye.”

Alikata simu. Kabla hajaiweka chini, ujumbe uliingia kutoka kwa koplo wake: *Radi kapatikana. Yuko hospitali, presha. Amelazwa tangu siku moja kabla ya kifo. Manesi wanathibitisha.*

Nje, mashine ya kukata vyuma iliendelea kulia.

Basi hesabu ile ikageuka juu chini. Bwana Takwimu hakumnyang'anya Radi chochote. Aliuona mkanda, akaamua goli ni la Radi. Radi hakuwa na sababu ya kumgusa, na angekuwepo angeuacha ushanga pale pale ulipokuwa, kwa tisa. Aliyeusogeza alifanya hivyo mzee akiwa sakafuni anapumua. Alisimama juu yake, akanyoosha kidole, akausogeza, kisha akatoka na kufunga mlango kwa ufunguo, kwa kuwa mkono uliozoea vitasa hauwezi kuuacha mlango wazi. Mlango wenye kitasa alichokitengeneza mwenyewe. Na fundi wa kitasa hakosi ufunguo wa ziada.

“Radi kapatikana?” Komeo aliuliza.

“Bado.”

“Sura yako imebadilika, mwanangu.”

“Mjane huyo. Analia sana.” Inspekta alisimama taratibu. “Nifungulie mzee, gari limefika.”

“Sijasikia gari.”

“Kwa kelele hizi?”

Komeo hakuinuka. Nyundo ilikuwa kando ya kiwiko chake, mahali pake pa siku zote pengine, lakini sasa Inspekta hakuona kitu kingine humo ndani. Dereva yuko upande mwingine wa mji. Ukipiga ukelele hapa, mashine itaumeza. Alinyoosha mkono kujishikiza kwenye meza, na kiganja kikaigonga.

Nati zikaruka. Gololi ikaviringika ikitoka langoni, ikapita kufuli, ikaelekea ukingoni.

Komeo aliidaka kabla haijaanguka. Aliidaka kama anavyodaka mtu kikombe cha nyumbani kwake, bila kufikiri, na bila kufikiri akairudisha langoni.

Kando ya nati ya namba tano.

Wote wawili waliitazama. Mashine ikanyamaza jirani, na ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko kelele.

“Mkono,” Komeo alisema polepole. “Alikuwa akisema mkono haudanganyi.”

Aliugeuza mkono wake, akautazama kiganja.

“Aliniita kwa wema tu. Akaniambia, kaa, ndugu yangu, tazama, kama nimekosea sogeza. Nikatazama. Tisa. Nikamwambia, umekosea, mimi niliupiga kwa kichwa, huu hapa mlingoti usoni kwangu mpaka leo. Nimekaa nalo miaka yote hii kimya, kwa sababu Radi alikuwa Radi na mimi nilikuwa nani? Nikajua siku moja mtu mkweli ataliangalia, ataliona. Mtu mkweli akaliangalia.” Aliinama, akavuta kitu chini ya meza kilichoviringishwa kwenye kitambaa chenye mafuta, akakifunua. Mkanda. “Akanionyesha. Mpira unamgonga Radi, unavuka mstari. Umevuka kabisa, mwanangu. Halafu ndipo kichwa changu kinaufikia. Niliufunga mpira ambao umekwisha kuwa goli la mwenzangu.”

“Ukamsukuma.”

“Nilimkaba shati. Sikutaka... Nilitaka aseme tu.” Alifuta uso kwa kiganja, akaacha doa la grisi juu ya kovu. Kisha akainuka. Akiwa amesimama alikijaza kibanda kizima. Alikuwa katikati ya Inspekta na mlango, ufunguo kwenye mkono mmoja, na ule mwingine ukaegemea mezani, karibu na nyundo.

“Sema wewe.”

“Niseme nini, mzee?”

“Sema ni goli langu. Una cheo, una muhuri. Sema, nikufungulie.”

Inspekta aliwahi kuelekezewa bunduki. Bunduki ilikuwa afadhali. Mwenye bunduki unajua anataka nini. Huyu macho yake yalikuwa yameloa kama ya mtoto anayeomba hadithi imalizike vizuri, na kidole chake kimoja kilikuwa kinagusa mpini wa nyundo, kinauacha, kinaugusa tena.

“Ni lako,” alisema.

“Sema vizuri.”

“Goli la mvua ni lako, mzee. Ni la namba tano.”

Komeo alisimama kama mtu anayesikiliza mlio wa mbali, wa uwanja uliojaa, akiusubiri umfikie. Inspekta aliiona ile furaha ikianza pembeni mwa mdomo wake, halafu akaiona ikizimika.

“Unaogopa,” Komeo alisema.

Inspekta aliitikia kwa kichwa. Meno yake yalikuwa yanagongana.

“Yeye hakuogopa. Nilimkaba hapa shingoni, nikamwambia sema tu, hata kwa uongo, tuko wawili, hakuna anayesikia. Akaniangalia, akasema, ‘Ndugu yangu, nikikupa la uongo, utakuwa na nini?’” Alitikisa kichwa. “Nikaona ananidharau. Sasa wewe umenipa. Na sikuhisi kitu.”

Aliugeukia mlango. Ufunguo uliingia, ukazunguka, chuma kikaitika. Jua la kichochoroni likaingia na kumwagika sakafuni hadi kwenye miguu ya Inspekta. Komeo aliuacha mlango wazi, akarudi mezani, akaweka ufunguo juu ya mkanda. Kisha, kwa ncha ya kidole, taratibu, akaisogeza gololi kutoka tano hadi tisa.

Akakaa kwenye kigoda chake na kunyoosha mikono miwili mbele, viganja juu, akisubiri kufungwa.

Inspekta alitakiwa apige hatua, atoe pingu, aite wenzake. Mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyemzuia. Lakini alibaki ameshikilia meza, anaitazama ile mikono, maana miguu ilikataa.